Umepunguzwa kazi, kisha kazi yako inatangazwa kwa mshahara mdogo: namna ya kupinga

Barua ilisema nafasi yako imefutwa kwa sababu za kiuchumi. Ukakabidhi funguo na kompyuta, ukaagana na wenzako. Wiki chache baadaye rafiki anakutumia tangazo la kazi: ofisi ileile, cheo kimebadilishwa jina, majukumu unayajua kwa moyo, na mshahara uko chini sana ya ule uliokuwa unalipwa.

Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna wanaopiga simu ofisini na kufoka, na kuna wanaonyamaza wakisema ndiyo hivyo, kampuni ni yao. Yote mawili yanakuumiza. Ukifoka unawashtua, na tangazo linaweza kuondolewa au kubadilishwa kabla hujalihifadhi. Ukinyamaza, siku zako za kulalamika zinayoyoma, na siku hizo huwa chache. Fuata hatua hizi kwa mpangilio nilioupanga, na uanze leo.

Kwanza elewa unachopinga

Usianze na "nimewatumikia miaka 11 na hivi ndivyo wanavyonilipa". Inauma, na ni kweli, lakini mwamuzi hawezi kuamua chochote kwa maneno hayo. Mtu hupunguzwa kwa sababu kazi imeisha au imepungua, si kwa kosa lake. Kwa hiyo swali la msingi ni moja: je, kazi imekufa, au ipo palepale na aliyeondolewa ni mtu aliyekuwa akilipwa vizuri?

Sheria za nchi nyingi zinauliza hivyo hivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inazungumzia mfanyakazi ambaye huduma yake imekuwa ya ziada, cheo au kazi yenyewe ikiwa imefutwa. Uingereza, sheria ya haki za ajira ya 1996 inaangalia kama mahitaji ya kazi ya aina fulani yamekoma au yamepungua. Australia, sheria yao ya 2009 inataka mwajiri awe hahitaji tena kazi hiyo ifanywe na mtu yeyote. Soma tena maneno hayo mawili: mtu yeyote. Mwajiri anayetangaza kazi anasema mwenyewe, hadharani, kwamba anamhitaji mtu.

Tanzania mlango wa mwajiri ni mpana zaidi kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kupunguza wafanyakazi kwa mahitaji ya uendeshaji, yawe ya kiuchumi, ya kiteknolojia au ya kimuundo. Mwajiri anaweza kusema mshahara wako ndio uliokuwa mzigo. Sawa, aseme. Lakini kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa ya nia yake mapema, aweke wazi habari zote zinazohusika, na ashauriane na wahusika kuhusu sababu, njia za kuepuka upunguzaji, namna ya kuwachagua watakaoondoka, muda na malipo. Kama tatizo lilikuwa mshahara, njia ya kuepuka ilikuwa mbele ya macho yao: kukuuliza kama ungekubali kulipwa pungufu. Nitalirudia hili mbele, kwa sababu hapo ndipo ninapoona hoja ya mfanyakazi inapata nguvu kuliko mahali pengine popote.

Hatua ya 1: Hifadhi tangazo kabla hujamwambia mtu

Piga picha ya skrini ukurasa mzima, juu hadi chini, anwani ya tovuti ionekane na tarehe ya siku hiyo ionekane. Kisha hifadhi ukurasa huohuo kama PDF, na uuchapishe. Kama tangazo lipo gazetini, nunua nakala mbili na usikate kipande. Gazeti zima lina tarehe juu ya ukurasa. Kama limekuja kwa WhatsApp, usitegemee ujumbe wa kusambazwa tu, tafuta lilikotoka.

Andika pembeni: nimeliona lini, wapi, nani alinitumia, siku ya mwisho ya kutuma maombi ni ipi. Tarehe hizi zina kazi mbili. Zinaonyesha umbali kati ya siku uliyotoka na siku walipotafuta mtu mwingine; wiki tatu ni habari tofauti kabisa na miezi kumi na nane. Na kama utachelewa kupeleka malalamiko, tarehe uliyoliona tangazo ndiyo itakayoeleza kwa nini ulichelewa.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi zako

Mkataba, maelezo ya kazi uliyopewa ulipoanza na yoyote yaliyofuata, tathmini za mwaka, barua ya kupunguzwa, kumbukumbu za vikao, hati za mshahara. Kama huna maelezo rasmi ya kazi, na wengi hawana, kaa chini uandike wiki yako ya kawaida ilivyokuwa, Jumatatu hadi Ijumaa, na nani alikuwa anakuja kwako kutafuta nini.

Usiingie kwenye barua pepe za ofisi baada ya kuondoka, wala usimwombe mwenzako akuchotee faili za siri. Utampa mwajiri kosa la kukushika nalo wakati wewe ndiye mwenye dai. Unachohitaji na hukipati, kiombe kwa barua. Akikataa, chombo cha usuluhishi au mahakama inaweza kumtaka akitoe.

Hatua ya 3: Linganisha kazi, usilinganishe vyeo

Hii ndiyo kazi kubwa, ipe jioni nzima. Chukua karatasi, chora safu tatu. Safu ya kwanza, kila jukumu lako la zamani, moja moja. Ya pili, jukumu linalolingana nalo kwenye tangazo, kwa maneno yaleyale ya tangazo, usiyafupishe. Ya tatu, andika "ileile", "imepunguzwa", "mpya" au "haipo".

Niliwahi kukaa na dada mmoja aliyekuwa msimamizi wa usafirishaji. Tangazo lilisema "mratibu wa magari", na yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kukubali kwamba labda ni kazi nyingine. Tulipofika mstari wa nne wa tangazo, tukakuta "kupanga ratiba za madereva saba". Aliinua kichwa. Madereva wake walikuwa saba. Mstari wa sita ulidai taarifa ya mafuta kila Ijumaa kabla ya saa sita mchana, siku na saa aliyoiweka yeye mwenyewe miaka minne nyuma kwa sababu mhasibu alikuwa akitoka mapema. Hakuna aliyekaa akabuni kazi mpya pale. Walichukua karatasi yake, wakabadilisha kichwa cha habari na mshahara.

Vitu vidogo kama hivyo ndivyo vya kutafuta: idadi ya watu, siku za wiki, majina ya programu, hata kosa la tahajia lililokuwa kwenye maelezo yako ya zamani na sasa limejitokeza kwenye tangazo. Angalia pia unaripoti kwa nani. Kama mratibu mpya ataripoti kwa meneja yuleyule uliyekuwa ukiripoti kwake, kiti ni kilekile.

Kwenye kila jukumu weka makadirio ya muda. Ukigundua kwamba mambo uliyoyafanya kwa siku nne kati ya tano yako kwenye tangazo, umepata sentensi ya kwanza ya malalamiko yako.

Hatua ya 4: Tetea upande wa mwajiri

Sasa geuka uwe mwanasheria wao. Tangazo peke yake si ushahidi kamili, na ukienda ukidhani ni kamili utaumia.

Watasema kazi yako ilikuwa na madaraka ambayo hayapo tena: kuidhinisha malipo, kuajiri, kukaa kwenye vikao vya uongozi, na kilichobaki ni sehemu ya chini. Inaweza kuwa kweli. Kampuni ina haki ya kujipanga upya, na nafasi ya juu ikivunjwa kihalali, vipande vyake vya chini vinaweza kuwa kazi halisi ya mtu mwingine. Basi jiulize kwa uaminifu, hayo madaraka ulikuwa unayatumia kweli au yaliandikwa tu? Nani anayatumia leo? Kama kuidhinisha malipo kulikuchukua nusu saa kwa wiki, hakuwezi kuwa ndiko kulikoitofautisha kazi.

Watasema mambo yamebadilika, wamepata mteja mpya baada ya wewe kuondoka. Uliza lini. Mkataba uliosainiwa miezi sita baadaye ni maelezo ya kueleweka. Mkataba uliokuwa unajadiliwa wakati unakabidhiwa barua ni jambo lingine.

Ukimaliza zoezi hili na ukaona tofauti ni kubwa kweli, usikate tamaa, lakini hamisha uzito. Acha kusema "kazi haikufa", sema "mlikuwa na kazi hii mkononi na hamkunipa".

Hatua ya 5: Je, walikuuliza?

Nilisema nitarudi hapa. Waajiri wengi wakibanwa hujibu: "Tulidhani hutakubali mshahara ule." Hiyo haikuwa kazi yao kuidhania. Mtu mwenye ada ya watoto na kodi ya nyumba ndiye anayejua kama nusu mkate ni bora kuliko kukosa wote, na anapaswa kupewa nafasi ya kusema ndiyo au hapana kwa mdomo wake.

Kushauriana si kukuita chumbani na kukusomea uamuzi. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya mwaka 2014 kati ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa usafiri wa anga, ilitazama mambo mawili: kama sababu ya kupunguza ni halali, na kama utaratibu ulikuwa wa haki, na mashauriano yakahesabiwa ndani ya huo utaratibu. Australia, upunguzaji hauhesabiwi kuwa wa kweli kama ilikuwa inawezekana kumhamishia mtu kazi nyingine kwa mwajiri huyohuyo. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi: aliyepunguzwa kwa sababu za kiuchumi ana kipaumbele cha kurudishwa kwa mwaka mmoja, ilimradi aseme kwamba anakitaka. Tazama sharti hilo la mwisho. Hata pale sheria yako isipokuwa na kipaumbele cha namna hiyo, andika kwamba unaitaka nafasi. Asije mtu akasema hukuonyesha nia.

Kumbuka vikao vyako kimoja kimoja. Nafasi ya chini ilitajwa? Nani alikuwepo? Ulisema chochote kuhusu kuwa tayari kupunguziwa mshahara? Andika leo, wakati bado unakumbuka.

Hatua ya 6: Hesabu siku

Tanzania, malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, kwa fomu namba 1 ya tume. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, na itabidi ueleze sababu. Kenya, lalamiko kwa afisa wa kazi lina miezi 3, na kesi Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina miaka 3. Afrika Kusini, tume yao ya usuluhishi, CCMA, inataka siku 30. Australia ni siku 21 tu. Uingereza lazima upite kwanza ACAS, chombo chao cha usuluhishi wa migogoro ya kazi, kabla ya kwenda kwenye baraza la kazi.

Kuandikiana barua na mwajiri kwa kawaida hakusimamishi siku hizo. Atakwambia "subiri bodi ikae", nawe unasubiri, bodi inakaa siku ya 35. Zungushia tarehe ya mwisho kwenye kalenda, kisha jiwekee yako wiki moja kabla yake.

Hatua ya 7: Andika barua

Fupi, ya heshima, isiyo na matusi wala vitisho. Ukiwa na chama cha wafanyakazi, mpe katibu wa tawi aisome kwanza. Inaweza kuwa hivi:

"Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Tarehe fulani nilipewa barua ya kupunguzwa kazi, ikieleza kwamba nafasi yangu imefutwa. Tarehe fulani kampuni ilitangaza nafasi ya mratibu wa magari. Nimelinganisha majukumu ya nafasi hiyo na niliyokuwa nikiyafanya, na naambatanisha jedwali. Majukumu tisa kati ya kumi na moja ni yaleyale.

Naomba nijibiwe kwa maandishi: nafasi hii iliidhinishwa lini, na nani, inatofautiana vipi na kazi yangu, na kwa nini sikupewa nafasi ya kuichukua kabla ya ajira yangu kusitishwa. Naomba pia nakala ya maelezo yake ya kazi na kumbukumbu za vikao vya mashauriano.

Niko tayari kuzungumzia kurudishwa kazini au kupewa nafasi hii. Barua hii haiondoi haki zangu zozote za kisheria. Naomba majibu ndani ya siku saba."

Swali la "iliidhinishwa lini" ndilo lenye meno. Kama bajeti ya nafasi ya bei nafuu ilipitishwa kabla ya barua yako, walijua kazi ipo walipokuandikia kwamba haipo. Tuma kwa barua pepe na kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kama kampuni ina utaratibu wa rufaa ya ndani, utumie. Kwenye kikao nenda na mtu ukiruhusiwa, na yeye aandike wakati wewe unaongea.

Hatua ya 8: Uiombe ile kazi au usiiombe?

Watu huogopa kwamba wakiomba watakuwa wamekubali kuwa upunguzaji ulikuwa halali. Kwa maoni yangu, kama unaihitaji kazi, iombe, na kwenye barua ya maombi andika sentensi moja kwamba unaomba bila kuondoa malalamiko yako. Wakikukatalia kazi uliyoifanya miaka yote hiyo, itabidi waeleze kwa nini. Na wewe utakuwa umeonyesha kwamba hukukaa bure ukingojea fidia, jambo ambalo waamuzi huliangalia sana. Kwa sababu hiyohiyo weka rekodi ya kila kazi nyingine unayoomba.

Wakikurudisha kwa mshahara ule mdogo, dai lako halifi, ila hasara yako itahesabiwa kwa tofauti ya mshahara, si kwa mshahara wote.

Hatua ya 9: Chunga unachosaini

Mara nyingi cheki ya mwisho huja na karatasi: "nimepokea malipo yote na sina dai lingine lolote". Tenganisha mambo mawili. Kuna malipo ambayo ni haki yako hata usiposaini kitu: siku za likizo zilizobaki, notisi, kiinua mgongo cha kisheria. Kenya, kiinua mgongo cha aliyepunguzwa ni angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tanzania ni angalau siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10. Fedha hizo hazinunui ukimya wako. Wakitaka uachilie haki ya kulalamika, waweke kitu juu ya hapo, nawe upate muda wa kumwonyesha mwanasheria au chama. Uingereza makubaliano ya namna hiyo hayamfungi mfanyakazi asipopata ushauri huru kwanza.

Umeshasaini? Bado mwone mwanasheria. Ulisaini ukiamini nafasi imefutwa, kwa sababu ndivyo ulivyoambiwa. Kama maelezo hayo hayakuwa kweli, au ulibanwa usaini palepale ndipo upewe hundi, inaweza kuwa sababu ya kuitilia shaka saini hiyo.

Hatua ya 10: Peleka shauri, na ujue unataka nini

Majibu yasipokuja, au yakija ya kuzungusha, peleka malalamiko bila kungoja zaidi. Sehemu nyingi hatua ya kwanza ni usuluhishi: chumba kidogo, meza, msuluhishi na pande mbili. Weka jedwali lako juu ya meza na uanze nalo. Kenya na Tanzania mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ya kukuondoa ni halali, kwa hiyo usijibebeshe mzigo wake; onyesha kazi ipo, kisha acha yeye aeleze.

Kabla ya kuingia amua unachotaka. Kurudishwa kazini kunawezekana kisheria, lakini fikiria kama utaweza kukaa na meneja yuleyule. Fidia ina mipaka kila nchi. Kenya kwa mfano kikomo ni mshahara wa miezi 12. Wengi humaliza kwa makubaliano, na hapo usisahau vitu ambavyo si pesa: barua ya utambulisho yenye maneno mliyokubaliana, jinsi sababu ya kuondoka itakavyoandikwa kwenye cheti cha utumishi, na tarehe ya malipo iliyotajwa wazi kwa siku, mwezi na mwaka. Yule dada wa madereva saba alikubali malipo kwa awamu mbili, na kabla ya kusaini aliomba iongezwe sentensi moja kwamba awamu ya kwanza isipolipwa kwa tarehe yake, deni lote linadaiwa siku hiyohiyo. Wakaiongeza.